Asubuhi Oveni ya Hamira Ilipogoma

Kumsema wifi yangu ni haki yangu mimi. Ni mke wa kaka yangu, tunataniana asubuhi na jioni, na tukikwaruzana tunamalizana humo humo jikoni. Lakini wewe wa nje ukimgusa, nakupa vidonge vyako hapo hapo uliposimama, na sitakuuliza kama umeshakunywa chai.

Mtaa mzima unamwita Hamira. Jina alilipata bekari, alikoingia akiwa msichana wa kufagia unga uliomwagika. Kutoka kwenye ufagio akapanda mpaka kwenye mizani, kutoka kwenye mizani mpaka kwenye meza ya kukandia, na mwisho akakabidhiwa oveni kubwa, ile ambayo hata wanaume waliikwepa kwa joto lake. Ana mikono mipana, kucha amezikata mpaka mwisho, na vialama vya kuungua vimemjaa tangu kwenye kifundo cha mkono mpaka kiwikoni. Sauti yake ni ya chini. Ukimuudhi ananyamaza, na tabia hiyo inanikera kweli kweli, kwa sababu kazi yote ya kugomba ananiachia mimi.

Basi siku moja ile oveni ya bekari ikazima katikati ya kazi. Ilikuwa kuukuu, na Hamira alishaomba mara nyingi itengenezwe. Mikate ikaharibika, nje imekauka, ndani uji mtupu. Tajiri, ndivyo wafanyakazi walivyomwita mwenye bekari, akatafuta wa kumtupia lawama. Akamsimamisha wifi yangu mbele ya wenzake wote, akasema, "Huyu mwanamke ana mkosi. Kila oveni anayoishika inakufa." Akamwamuru avue aproni aende zake.

Mimi nilimfuata huyo Tajiri mpaka kaunta yake nikamwambia yote yaliyonijia mdomoni, hadi mlinzi akaniomba kwa adabu nitoke. Nilitoka, lakini nilitoka nikiendelea. Haikusaidia kitu. Neno lilishazagaa. Wanawake waliokuwa wakimwagiza Hamira keki za nyumbani wakaanza kusema wamepunguza sukari. Jirani mmoja akamwambia, "Jiko langu jipya usiliguse, dada, nakuomba," halafu akacheka kwamba ni utani. Hamira alicheka naye. Mimi sikucheka.

Hamira hakukaa kushika tama. Akanunua oveni ya gesi iliyotumika, majiko manne juu na oveni chini, enameli imebanduka kwenye pembe lakini kioo cha mlango kizima. Akaisugua siku mbili mpaka ikang'aa. Akawa anaoka mikate michache na kuiuza kwa majirani wasioogopa. Halafu msimamizi wa kantini ya hospitali, ambayo iko mitaa miwili tu kutoka kwetu, akaionja kwa bahati nyumbani kwa mtu. Kantini ilikuwa inachukua mikate kwa Tajiri, na wauguzi walikuwa wamechoka kutafuna mikate ya juzi. Msimamizi akamwambia Hamira: Jumatatu leta kapu moja kabla ya saa nne, wafanyakazi wakitoka kunywa chai tutaweka yako na ya bekari meza moja, wao waamue. "Nitajaribu mara moja tu," akasema. "Kantini ni kazi ya kila siku. Mtu akichelewa siku ya kwanza, nitamwamini vipi siku ya kumi?"

Habari zikamfikia Tajiri, na jibu lake likaturudia sisi kabla jua halijazama. "Ngojeni," alisema. "Hata hiyo ya kwake itakufa."

Sasa Jumatatu ndiyo hiyo. Nilivuka uani mapema kumsaidia, maana mimi na cherehani yangu tunakaa chumba cha nyuma. Nikamkuta ameshakanda, unga umeumuka vizuri, mikate imekaa kwenye trei imefunikwa kitambaa cheupe. Mama yetu, yaani mama yangu mimi na mkwe wake yeye, alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango anamenya viazi. Hamira akainama, akabonyeza kitufe cha oveni, akakizungusha, akawasha kiberiti, akakisogeza kwenye tundu. Moto ukashika, bluu, mzuri kabisa. Akaachia kitufe. Moto ukazima.

Akarudia. Ukashika, akaachia, ukazima.

"Upepo," nikasema, nikaenda kufunga dirisha.

"Fungua, wifi," akaniambia. "Tunacheza na gesi hapa." Nikalifungua tena, na mlango pia nikaupanua.

Akajaribu tena, safari hii akapiga magoti kabisa. Ukazima. Nikamwona anabaki pale chini ameshika kile kiberiti kilichoungua mpaka kikamfikia kidole, na hata hakushtuka.

Kaka yangu akaingia. Huyu ni kinyozi, na wateja wake wanamwita Profesa kwa sababu hakuna jambo duniani asilokuwa na maelezo yake. "Gesi imeisha," akasema kabla hajauliza kitu. Hamira akawasha jiko la juu. Likawaka kwa nguvu. Akawasha na la pili. "Basi mpira umebana," akasema Profesa. Hamira akafuata mpira kwa mkono tangu kwenye mtungi mpaka nyuma ya oveni, haukujikunja popote. Akachovya kitambaa kwenye povu la sabuni akapaka kwenye maungio yote, tukakodoa macho sote wanne kutafuta kipovu kinachokua. Hakuna. Gesi haivuji, na gesi inafika.

"Mpigieni fundi," akasema mama.

Nikampigia. Fundi wa majiko alipokea akiwa kazini kwingine, nikamweleza, akasema huenda ni kitufe chenyewe kimekwisha, tumpelekee oveni nzima kesho kutwa aifungue. Nikamwambia kesho kutwa hospitali watakuwa wamekula mawe. Akasema, "Pole, mama, mimi ni mmoja." Nikakata simu kabla sijasema neno ambalo lingenilazimu kutafuta fundi mwingine.

Wakati huo unga hausubiri mtu. Hamira akafunua kitambaa, akabonyeza mkate mmoja kwa ncha ya kidole. Shimo likajaa taratibu. "Umefika," akasema. Mkate ukifika ni kuuingiza motoni, ukiuchelewesha unajaa hewa kupita kiasi, unalala, na hapo hata ukiuoka unatoka bapa na uchachu juu. Kuna njia moja ya kununua muda, nayo alishaifikiria: akaibomoa mikate yote, akaukanda unga upya kuutoa hewa, akaifinyanga tena na kuirudisha kwenye trei. Mikono yake ilikwenda haraka, lakini midomo aliikaza mpaka ikapauka.

"Hii ni mara ya mwisho," akasema. "Ukiumuka tena na oveni haijawaka, basi."

Sote tulijua hiyo basi maana yake nini. Si suala la kapu la mikate. Saa nne ikipita, Tajiri atakaa kwenye kaunta yake aseme si niliwaambia, na hata mimi na domo langu lote nitakosa la kumjibu.

Profesa akapata wazo. "Moto si unakaa ukiwa umebonyeza? Basi mimi nitabonyeza mpaka mikate iive." Akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, akashindilia kitufe kwa dole gumba. Hamira akawasha. Moto ukakaa. "Mnaona!" akatamba. Haukupita muda, dole likaanza kutetemeka. Akabadilisha la pili. Akaweka kiganja. Akaniomba nimkune mgongo. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja.

"Achia," Hamira akasema.

"Naweza!"

"Achia, baba. Hicho kitufe kinakata gesi chenyewe moto ukikosekana, ili nyumba isijae gesi tukaja kuungua humu. Kinafanya kazi yake. Kinakata kwa sababu kinadhani hakuna moto." Nikaona macho yake yanabadilika. Akarudia polepole, anajisemea mwenyewe. "Moto upo, lakini kinadhani hakuna moto."

Profesa akaachia, akaanza kulamba dole lake.

Hamira akazima gesi kwenye mtungi, akaufungua mlango wa oveni wote, akasubiri ndani pakapoa. Akaniomba nimmulikie kwa simu. Akalala chali sakafuni na kile kitenge chake kizuri alichokusudia kwenda nacho hospitali, nikapiga kelele, hakunisikia. Akaingiza kichwa. Tukabaki tunaona miguu tu.

"Wifi, mulika kushoto. Mulika hili bati la chini."

Ndani ya oveni, chini kabisa, kuna bati linalofunika bomba la moto, lina matundu upande mmoja wa kupitishia joto. Hamira alilijua bati hilo, yeye ndiye aliyelisugua.

"Matundu yalikuwa nyuma," sauti yake ikatoka humo ndani. "Sasa yako mbele. Nani ametoa hili bati?"

Nikamtazama Profesa, Profesa akanitazama mimi. Kisha sote wawili tukasikia kile kisu cha viazi kimeacha kumenya.

"Mama?" nikasema.

"Mimi sijaharibu kitu cha mtu," akasema mama.

"Mama!"

Ikabidi aseme. Jana yake alitembelewa na wenzake wa zamani wa kazini. Mama yangu ana lake moja: mgeni asione sufuria hata moja ikiwa nje. Kwake sufuria zikionekana ni sawa na kukutwa umevaa kanga upande mmoja. Tangu tukiwa wadogo, wageni wakibisha hodi, vyombo vyote huingia popote palipo na mlango. Na jana palipo na mlango palikuwa oveni ya Hamira, naye Hamira alikuwa katoka kwenda kununua unga. Mama akapanga sufuria zote humo. Ile kubwa ya kupikia ukoo mzima ikagoma kuenea, basi akalitoa lile bati, akaishindilia mpaka chini, akafunga mlango kwa goti. Leo alfajiri, kwa kuwa ni mtu mwema na alijua mkwewe ana kazi, akazitoa zote mwenyewe, akalirudisha bati, wala hakusema.

"Nililirudisha vizuri," akasema, sauti imeanza kupotea. "Nililifuta hata vumbi."

Mimi nilishafungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kutosha mpaka jioni. Hamira akatoa kichwa nje, masizi kwenye shavu, akasema, "Wifi, nyamaza. Nipe bisibisi." Halafu akamgeukia mama. "Mama, asante. Sasa najua pa kutazama."

Akalifungua lile bati, akalitoa. Nikainama kando yake nikamulika. Pembeni mwa bomba la moto kuna kijiti chembamba cha shaba, ncha yake inatakiwa kukaa ndani ya moto wenyewe. Kikipata joto ndipo kinaruhusu gesi iendelee kupita, kikipoa kinaifunga. Na kijiti hicho kilikuwa kimesukumwa pembeni, kimelala, ncha imetazama ukutani, kimepakwa masizi ya tako la sufuria kubwa ya mama. Moto ulikuwa unawaka peke yake upande mmoja, na wa kuushuhudia amegeuziwa uso upande wa pili.

"Kumbe wewe!" nikakiambia.

"Usikiguse," akasema Hamira. "Ukikikunja vibaya kinakatika, na hapo tumekwisha."

Akakifuta kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha akakisugua kidogo kidogo kwa kipande cha msasa ambacho Profesa alikikimbilia kwenye boksi lake la kazi, na nampa haki yake, alikimbia. Shaba ikaonekana inameta. Akakishika katikati kwa vidole viwili, akakirudisha nyuma kwa upole uleule anaotumia kuinua mkate uliokwisha kuumuka. Akakilaza kwenye kishikizo chake, akaikaza skrubu yake. Jasho lilikuwa linamtiririka puani na hakuna aliyethubutu kumfuta.

Akalirudisha bati, matundu nyuma. Akafungua mtungi. Tukanusa, hakuna harufu. Akabonyeza, akawasha. Moto ukashika.

Akaachia. Ukazima.

Nilipiga kofi ukutani. "Hii takataka naitupa nje leo! Naitupa na mtungi wake! Naitupa na yule fundi!"

"Umeachia mapema, mwanangu," akasema mama kutoka kwenye kiti chake. Hakuinua macho kutoka kwenye viazi. "Kipe muda kipate joto. Hata huyu mume wako akiamka asubuhi, ukimuuliza kitu papo hapo hajui."

Profesa akataka kujitetea, nikamkanyaga mguu.

Hamira akabonyeza tena, akawasha, akakaa. Akaendelea kukaa. Nilisikia maji yanadondoka kwenye beseni. Akafumba macho, midomo ikicheza, sijui alikuwa anahesabu au anaomba. Kisha akaanza kuachia dole polepole, nusu, robo, akalitoa kabisa.

Moto ukakaa.

Tukausubiri uzime. Haukuzima. Akageuza kitufe ukapanda, akakigeuza ukashuka, bluu safari hii mpaka mwisho wa bomba. Mama akaangusha beseni la viazi akapiga kigelegele ambacho sijamsikia akipiga hata siku niliyoolewa. Profesa akanibeba juu, mimi mtu mzima na kilo zangu. Hamira yeye akafunga mlango wa oveni, akanawa mikono, akafunua kitambaa, akabonyeza mkate kwa kidole. Shimo likajaa taratibu.

"Umefika," akasema.

Mikate iliingia. Sisi tukakaa sakafuni tunatazama kwenye kioo, watu wazima wanne. Ilipanda. Ikavimba mgongo, ikageuka rangi, na ile harufu ikatoka mlangoni ikaenda zake mtaani kutangaza kabla yetu. Yule jirani wa jiko jipya akachungulia. Nikamwambia, "Karibu, dada, lakini oveni usiiguse, nakuomba."

Tulikwenda hospitali kwa miguu, nusu mwendo nusu mbio, Profesa amejitwika kapu kichwani, mimi namfuta Hamira masizi shavuni njia nzima kwa ncha ya kanga. Tulipoingia kantini, wafanyakazi walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kupanga foleni. Na nani yuko pale mezani, amesimama kando ya mikate yake? Tajiri mwenyewe. Alikuwa amekuja kushuhudia nafasi tupu.

"Oh," akasema. "Mmefika."

"Tumefika," nikamjibu. "Sogea kidogo, utaungua. Bado ya moto."

Msimamizi akaweka sinia mbili, hakusema ipi ya nani, na hakukuwa na haja. Muuguzi wa kwanza alichukua kipande kutoka kila upande, akatafuna cha Tajiri kwa heshima, akatafuna cha Hamira, kisha akarudi akachukua cha Hamira kingine akakitia mfukoni mwa koti lake jeupe. Nyuma yake dereva wa gari la wagonjwa hata hakuonja cha Tajiri. Sinia ya wifi yangu ilifutika pale mezani, watu wakabaki wanaokota chembe. Ile nyingine ilibaki imejaa, na nzi mmoja.

Msimamizi alikuwa amejikatia kipande mapema, akamaliza kukitafuna kwa utulivu wake. "Kuanzia kesho," akamwambia Hamira. "Kila siku, makapu matatu. Utaweza?"

"Nitaweza," akasema.

Tajiri akaanza kukusanya mikate yake. "Bahati tu," akasema. "Ngojeni hiyo oveni yake..."

"Iliharibika leo asubuhi," Hamira akamkatiza. Hakupandisha sauti, lakini kantini nzima ilimsikia. "Ikaharibika nikiwa na unga mezani. Nikaitengeneza. Na yako ningeitengeneza, kama ungeniruhusu niifungue."

Mimi nilikuwa na hotuba nzima niliyoiandaa tangu siku ile ya kaunta. Badala yake nikamfungulia Tajiri mlango, na nikamfungulia kwa furaha kubwa.

Tulipotoka nje, Hamira akafika kwenye ngazi za hospitali akakaa. Akakaa ghafla, na kitenge chake kile kile chenye masizi mgongoni, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekibana miezi. Profesa akasimama na kapu tupu hajui aliweke wapi. Mimi nikakaa kando yake nikamshika bega.

"Wifi," akasema, "asubuhi ule moto ulipozima mara ya tatu, nilimwamini Tajiri. Nilijiambia, kumbe kweli. Tangu anifukuze, kila nikiwasha kitu naogopa. Hata jiko la chai. Hata taa." Akajifuta pua kwa kiganja. "Mimi sina mkosi, wifi."

"Unao mmoja," nikamwambia. "Umeolewa na kaka yangu."

"Nimesikia!" akasema Profesa.

Hamira alicheka huku machozi yanamtoka, akacheka mpaka akajilaza kwenye mapaja yangu, nami nikacheka, na Profesa akakaa ngazi ya chini yetu akacheka pia. Watu walitupita wakipanda na kushuka. Muuguzi mmoja akasimama akauliza kama kuna mgonjwa hapa. Hamira akainua kichwa, akamwambia hapana, hakuna mgonjwa, sisi ndio wa mikate.